Chupa Niliyoibeba Mapajani

Hotuba kwa akina mama wa soko, Kondele, Kisumu, mwezi wa Oktoba

Mwenyekiti wetu, mchungaji uliyetufungulia ukumbi huu, mama zangu, dada zangu, na kina baba mlioketi kule nyuma karibu na mlango: amosou duto. Nimeombwa nizungumzie saratani ya matiti. Najua kila Oktoba mnaletewa mtu wa kuwafundisha jinsi ya kujipapasa, na mafunzo hayo ni mazuri, myashike. Leo nitaanzia pale yanapokomea. Umepapasa, umekuta uvimbe, umekwenda hospitali, daktari amekudunga sindano nene na kutoa kipande cha nyama. Umerudi nyumbani na bandeji. Je, kile kipande kimekwenda wapi?

Kimekuja kwangu. Nafanya kazi katika maabara ya histolojia, chumba ambamo vipande vinavyotolewa mwilini hukatwa vyembamba kuliko ganda la kitunguu, hupakwa rangi, kisha daktari wa patholojia huvitazama kwa hadubini. Wagonjwa hawatujui. Mnamjua daktari, mnamjua nesi wa dripu, hata askari wa lango mnamjua kwa jina. Sisi tuko nyuma, karibu na mahali pa kufulia mashuka. Lakini dawa ninayotaka kuwaeleza leo, Herceptin ya saratani ya matiti, haipaswi kumfikia mgonjwa hata mmoja bila kupitia kwenye meza kama yangu.

Tazameni chupa hii. Ni ya plastiki, inatoshea kiganjani, ina kifuniko chekundu. Yaliyomo yanaonekana kama maji ya bomba, ila ukiifungua chupa, macho yatakuwasha. Hiyo ni formalini. Ya kujaza chupa hii haifiki bei ya gorogoro moja ya omena.

Ninyi mnaouza samaki mtanielewa upesi. Ngege akitolewa ziwani pale Dunga alfajiri akakosa barafu, hata kabla ya adhuhuri macho yamezama, na mteja mjuzi akiinua matamvua anaona wekundu umekwisha. Bado ni ngege, hakuna anayebisha. Ila kuna mambo huwezi tena kuyajua juu yake. Nyama ya mtu nayo ni nyama. Ikishatengwa na damu yake huanza kuharibika papo hapo, na formalini ndiyo barafu yetu. Kipande kinatakiwa kiingie humo ndani ya saa moja, maji yawe angalau mara kumi ya ukubwa wa kipande chenyewe, kikae si chini ya saa 6 na kisizidi saa 72. Kikitolewa mapema hakijashika. Kikipitisha siku kinakakamaa, na kile tunachokitafuta kinajificha.

Sasa niwaambie kwa nini chupa hii haiondoki kichwani mwangu.

Mwaka 2011 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Bondo nikisubiri matokeo. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa anakausha samaki wa obambla kule Usenge na kuziuza hadi Busia. Alikuwa na uvimbe titi la kushoto. Alikaa nao miezi saba kwa kuwa haukuuma, na kwa kuwa msimu wa samaki haumngoji mtu. Alipokubali kwenda, daktari alitoa kipande vizuri kabisa. Hospitali ilikuwa ipi, haina haja kuitaja. Siku ile formalini ilikuwa imeisha. Wakakitia kipande kwenye maji ya chumvi, yale ya dripu, wakakifunga, wakanipa mimi kwa kuwa nilikuwa kijana na nilikuwa na miguu. Wakasema nikipeleke maabara mjini.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Nilipanda matatu, nikaiweka chupa mapajani, nikaishika kwa mikono miwili kutoka Bondo hadi Kisumu kama mtu aliyebeba yai. Jua lilikuwa linanipiga upande wa dirisha. Nilifika maabara imefungwa. Nikaenda kwa binamu yangu Nyalenda, nikaiweka chupa chini ya kitanda, nikailinda Jumamosi na Jumapili. Nilidhani kuilinda ni kuhakikisha haimwagiki.

Jumatatu fundi wa maabara aliifungua, akanyamaza, akaniuliza tumeitia nini. Hakunigombeza. Ripoti ilipotoka ilisema saratani ipo, hilo lilionekana, ila seli zimeharibika na vipokezi haviwezi kupimwa. Ikatiwa muhuri. Hakuna aliyesema kipande kingine kitolewe. Nasi hatukujua kwamba kuna swali lililobaki bila jibu.

Hilo swali ndilo lililonileta hapa. Mniazime masikio kidogo, maana nitazungumza kuhusu masikio.

Kila seli ya mwili ina ngozi yake, na juu ya ngozi hiyo kuna vipokezi. Mimi hupenda kuviita masikio. Husikiliza habari zinazopita katika majimaji ya mwili: kua, tulia, gawanyika, acha. Sikio moja kati ya hayo linaitwa HER2. Kila aliyemo ukumbini humu analo, wanaume pia. Seli ya titi yenye afya ina maelfu ya masikio hayo na husikia kwa kiasi chake. Kuna saratani ambazo jeni ya kutengeneza HER2 imejirudufu ndani ya seli mara nyingi, na ngozi ya seli ikajaa masikio hadi kufikia milioni na zaidi. Yanabanana. Yakibanana yanashikana yenyewe kwa yenyewe na kutoa amri hata kama hakuna aliyesema kitu. Seli hiyo usiku na mchana inasikia neno moja tu, gawanyika.

Jambo hili lilijulikana kwa kuvichunguza vipande kama vile ninavyopokea mimi. Mwaka 1987 daktari Dennis Slamon wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi wa saratani za matiti 189 zilizokuwa zimehifadhiwa. Katika asilimia 30 waliikuta jeni hiyo imerudufika, na wanawake wenye saratani hizo ndio ambao ugonjwa uliwarudia mapema na kuwaua mapema. Hesabu za baadaye zimeshusha kiwango hicho, na leo tunasema ni kama wagonjwa 15 hadi 20 katika kila 100. Fikirini: wanawake wale 189 walikuwa wametoa kipande cha mwili wao, kikahifadhiwa vizuri, kikangoja hadi mtu akaja na swali. Mimi nikifikiria utafiti ule, huwa nawafikiria waliovihifadhi vipande vile.

Kutoka hapo likaja wazo la kuliziba lile sikio. Kwa nini kumwagia mwili mzima tibakemikali, sumu ya kuua kila seli inayogawanyika, nywele na utumbo na damu vyote vikiumia, ikiwa adui ana alama usoni? Mwili wetu wenyewe una silaha ya namna hiyo, nayo ni kingamwili. Mtoto akichanjwa surua, mwili wake hutengeneza kingamwili inayoitambua surua na kuacha mengine yote. Ni kama mtoto mchanga mgongoni sokoni Kibuye: mama ni mia, sauti ni mia, yeye atageuza kichwa kwa sauti ya mmoja tu.

Wanasayansi wa kampuni ya Genentech walianza na kingamwili ya panya iliyoweza kuishika HER2. Kumpa binadamu kingamwili ya panya ni kazi bure, mwili huikataa. Wakabakiza ile ncha inayoshika, na sehemu iliyobaki wakaibadilisha ifanane na ya binadamu. Dawa hiyo inaitwa trastuzumabu, na jina la kwanza la kibiashara ambalo wengi wenu mmelisikia ni Herceptin. Haisagwi na kufinyangwa kama panadoli. Inakuzwa ndani ya seli hai, zilizotoka kwa mnyama mdogo wa jamii ya panya, katika matangi makubwa, kisha inachujwa na kusafishwa. Ndiyo maana imekuwa ghali, na ndiyo maana lazima ikae kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Ikishaingia mwilini hutafuta lile sikio, hulikalia, kelele zinapungua. Tena inaipaka seli ile alama, na askari wa damu wakipita wanaijua na kuishambulia.

Marekani iliidhinisha dawa hii Septemba 1998. Msidhani ilifika hapo kwa utulivu. Kule California kulikuwa na daktari wa akina mama aliyeitwa Marti Nelson, naye akapata saratani ya matiti. Alijua habari za kingamwili hii ikiwa bado inajaribiwa, akaiomba, hakupewa. Alifariki mwaka 1994. Marafiki zake, wanawake waliokuwa wakipigania wagonjwa, walipanga msafara wa magari kama wa mazishi wakauingiza katika uwanja wa kampuni. Baada ya makelele hayo ukafunguliwa mpango wa kuwapa dawa baadhi ya wagonjwa kwa kura, kabla ya kibali rasmi. Mimi natoka katika jamii inayojua kulia kwa sauti kwenye msiba. Nilipoisoma habari hiyo niliwaelewa wale wanawake sawasawa.

Dawa ilisaidia kiasi gani? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001 walikuwemo wanawake 469 ambao saratani yao ilikuwa imeshasambaa. Waliopewa tibakemikali peke yake, nusu yao walikuwa hai hadi miezi 20 hivi. Walioongezewa trastuzumabu, miezi 25. Ni miezi mitano, na mtu anaweza kuiona michache. Lakini mwaka 2005 yalitoka matokeo ya kuitumia mapema, kwa mwanamke ambaye uvimbe umetolewa na ugonjwa haujasambaa. Hapo dawa ilipunguza kurudi kwa saratani kwa karibu nusu. Nusu, mama zangu! Kuna watu wanaoishi leo, wana wajukuu, ambao bila kingamwili hii wangezikwa wakiwa na miaka arobaini.

Ndipo muone shangazi yangu alipoteza nini mle ndani ya maji ya chumvi.

Alipasuliwa, akapata tibakemikali, nywele zikaanguka zikaota tena. Mwaka uliofuata ini lilianza kuvimba. Safari hii daktari mwingine alitoa kipande kipya, akakitia kwenye formalini mbele ya macho yangu, akaandika saa kwenye kifuniko. Jibu likarudi: HER2, 3+, yaani chanya. Ilikuwa pale tangu mwanzo. Dozi moja wakati huo ilikuwa zaidi ya laki moja. Baba akauza ng'ombe, tukaita harambee, watu wa ufuo wa Usenge wakachanga. Tukapata dozi nne. Baada ya ya tatu tumbo lilishuka, akaanza kula, akarudi kupanga obambla juu ya nyavu. Kisha pesa zikaisha. Alizikwa mwaka 2014.

Nikasomea kazi hii. Siwezi kuwaeleza zaidi ya hapo.

Sasa turudi kwenye karatasi, maana karatasi ndiyo mtakayopewa. Ripoti ya kwanza ya biopsi, yaani ya kile kipande ulichotolewa, husema tu kama ni saratani au la, na ni ya aina gani. Wengi hukomea hapo wakadhani wamemaliza. Kuna ripoti ya pili, na hiyo mara nyingi lazima iombwe na ilipiwe. Ndani yake kuna majina matatu: ER, PR na HER2. Mawili ya kwanza ni vipokezi vya homoni, estrojeni na projesteroni. La tatu ndilo sikio letu.

HER2 tunaipima kwa rangi. Kipande kimeshagandishwa ndani ya nta ya parafini, tunakikata, tunakilaza juu ya kioo, tunamwaga kingamwili ya maabara na rangi. Masikio yakiwa mengi, ukingo wa kila seli unageuka kahawia, kama wavu uliotandazwa. Tunatoa alama. 0 na 1+ zinahesabiwa kuwa hakuna wingi. 3+ ni chanya, dawa inamfaa. 2+ ndiyo inayoleta usumbufu, kwa kuwa haikubali wala haikatai. Hapo kinahitajika kipimo kingine kinachohesabu jeni zenyewe ndani ya seli. Kinaitwa FISH, mtakiona kimeandikwa hivyo hivyo kwa herufi kubwa. Nimeona mtu akiwa na 2+ akaambiwa nenda nyumbani huna HER2. Nimeona mwingine akiwa na 2+ hiyo hiyo akaanzishiwa dawa. Wote wawili walikosewa. 2+ ni swali, lazima lijibiwe.

Na ikiwa jibu ni kwamba HER2 si chanya? Basi kingamwili hii haikufai, hata ukiuza nyumba. Haina pa kushika. Ukisikia jirani amepona kwa Herceptin usikope uinunue kabla ya kipimo. Kama ER au PR ni chanya kuna vidonge vya homoni, kama tamoksifeni, vya miaka mingi, bei yake nafuu sana, na vimeokoa wanawake wengi sana. Zikiwa zote tatu ni hasi, tibakemikali, upasuaji na mionzi ndiyo nguzo, na mwanamke huyo anahitaji kuanza upesi kuliko wote. Tangu mwaka 2022 kuna dawa mpya, kingamwili iliyofungwa na sumu mgongoni, inayoweza kuwasaidia hata baadhi ya wenye alama ya 1+ ambao ugonjwa umesambaa, lakini bei yake bado iko mbali na sisi.

Aliye chanya atapitia nini? Dawa hutolewa kila wiki tatu kwa mwaka mmoja, dozi 17 au 18, na mara nyingi mwanzoni huambatana na tibakemikali. Kwa dripu, siku ya kwanza ni kama dakika 90 ili waangalie mwili unaipokeaje. Baadhi hutetemeka na kupata homa siku hiyo, nesi anajua la kufanya. Zinazofuata zinaweza kuwa dakika 30. Ipo pia ya kudungwa chini ya ngozi ya paja, hiyo ni dakika chache tu, na kwa mama aliyefunga kibanda chake ili aje hospitali, hiyo ni nafuu kubwa. Yenyewe haiangushi nywele.

Cha kuangaliwa ni moyo. Misuli ya moyo nayo inalitumia sikio la HER2, na kwa wachache moyo hulegea. Kwa hiyo kabla ya dozi ya kwanza lazima upigwe picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, na irudiwe kila miezi mitatu au karibu na hapo. Moyo ukidhoofika dawa husimamishwa, na mara nyingi nguvu hurudi. Wewe mwenye presha, usifiche kwa kuogopa kuondolewa kwenye orodha. Ukianza kuhema ukipanda ngazi, au miguu ikivimba, sema siku hiyo hiyo. Na dada zangu mnaozaa bado: mimba isiingie wakati wa dawa wala katika miezi 7 baada ya dozi ya mwisho, kwa kuwa mtoto tumboni anaweza kuumia. Mpangilie hilo na daktari, kwa njia isiyo na homoni.

Nije kwenye pesa, maana naona mwenyekiti anaandika.

Shirika la Afya Duniani liliiweka trastuzumabu katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Hataza za mwanzo zilipoisha, kampuni nyingine zikaanza kutengeneza dawa zinazofanana nayo kwa karibu kabisa, na Desemba 2019 shirika hilo likaipa ithibati ya kwanza mojawapo ya hizo. Msiziogope kwa sababu jina ni tofauti. Zimepimwa bega kwa bega na ya kwanza. Kwetu Kenya, mwaka 2025 Wizara ya Afya iliingia makubaliano na kampuni ya Roche, gharama ya dozi moja ya Herceptin ikashuka kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000, na hizo 40,000 zikabebwa na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali. Fanyeni hesabu ya dozi 18. Kwa bei ya zamani ni zaidi ya milioni mbili. Hiyo ni ekari, ni karo ya watoto wote, ni boti na injini yake.

Nilipoyasikia makubaliano hayo nilikuwa kazini. Nilikaa chini. Nilimfikiria shangazi na zile dozi nne.

Kisha nikainuka nikafungua kisanduku cha sampuli za asubuhi ile, na ndani kulikuwa na kipande cha titi kimefungwa kwa shashi kavu. Hakuna maji ya aina yoyote.

Ndiyo maana nimekuja kwenu na chupa. Kwa makadirio ya kimataifa, mwaka 2020 wanawake karibu 6,800 nchini waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na zaidi ya 3,000 wakafa. Tukipiga hesabu ya wagonjwa wale 15 katika kila 100, hao ni wanawake kama elfu moja wanaofaa kupewa kingamwili hii kila mwaka. Hakuna mkataba wa waziri unaoweza kumsaidia mwanamke ambaye kipande chake kilioza njiani, wala yule ambaye hakuna aliyeomba kipimo. Bei ilikuwa ukuta, na ukuta umebomolewa sehemu kubwa. Sasa mlango ni huu hapa, wenye kifuniko chekundu.

Kwa hiyo siku ya biopsi, uliza. Uliza kwa heshima, lakini uliza kabla hujashuka kitandani: kipande changu kinawekwa kwenye nini? Ukiambiwa formalini imeisha, mwambie nesi, "Dada, tungoje ipatikane." Kungoja hadi kesho hakukuui. Omba saa iandikwe kwenye chupa. Kama wewe ndiye unayetumwa kuipeleka, usiende Ijumaa jioni bila kupiga simu maabara kwanza. Mkimpeleka mgonjwa wenu, hakikisheni karatasi ya maombi imeandikwa ER, PR na HER2, zote tatu. Kama hawazipimi pale, wanaweza kukituma kipande kwingine.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: baada ya kupima, kile kipande ndani ya nta tunakihifadhi. Tunakiita bloku. Ni kidogo kama kidole gumba, na kinadumu miaka. Ukihamishiwa Eldoret kwenye Hospitali ya Rufaa ya Moi, au ukienda Nakuru kwa mionzi, unaweza kuomba bloku yako iende ipimwe huko. Mtu aliyegunduliwa miaka miwili iliyopita bila kupimwa HER2 hajachelewa kuuliza iliko bloku yake. Wiki iliyopita tu tumeitoa moja rafuni.

Na hizi familia zetu. Mgonjwa akitangazwa, siku ya pili kuna kundi la WhatsApp la kuchanga, siku ya tatu mjomba aliyeko Nairobi anasema India. Nawaheshimu wajomba. Ila nimeona laki nane zikichangwa na hakuna aliyechanga elfu chache za kipimo kinachoonyesha ni dawa gani itanunuliwa. Mchango wa kwanza uwe wa kipimo. Mchungaji, nawe nakuomba kitu: mama akija mbele kuombewa titi, muulize ripoti yake iko wapi, kisha umwombee kwa nguvu zako zote.

Wale kina baba kule nyuma, saratani hii inawapata wanaume pia, kama mmoja katika wagonjwa mia. Uvimbe nyuma ya chuchu usiuite jipu.

Nimeona mikono miwili mitatu imeinuka, na najua kuna maswali ambayo hayaulizwi mbele ya watu. Mwenyekiti amenipa ile meza karibu na dirisha. Nitakaa pale hadi saa kumi. Aliye na ripoti kwenye mkoba aje nayo, hata kama imekunjika, hata kama ni ya dadake au ya mama mkwe. Tutaitafuta ile mistari mitatu pamoja. Mahali ambapo HER2 haijaandikwa nitaweka duara kwa kalamu, niandike jina la maabara ambako bloku inapaswa kuwa, na Jumatatu asubuhi tutaanza kupiga simu.